Gemu Halikumuua Kona

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliosimama juani kwa ajili yake, familia inawaomba masikio, na inawaomba msianze kukohoakohoa na kutazamana pale maneno yatakapokuwa machungu, kwa sababu historia hii ilikwisha kuandikwa na wengine, ikawa fupi na laini kama uji wa mgonjwa, ikisema marehemu aliugua ghafla akafariki, basi, na bibi yake aliyemlea akasema hiyo haisomwi mbele ya kaburi la mjukuu wake, itasomwa hii.

Marehemu, ambaye nyote mnamjua kwa jina la Kona, na hata wanawe wakiulizwa shuleni mama yenu nani husema Kona, alizaliwa siku ya Jumatatu, tarehe 14 Machi 1988, saa kumi na moja alfajiri, katika wodi ya wazazi ya hospitali ile iliyo mwisho wa barabara ya lami, na bibi yake hakuwa na haja ya kusafiri kwenda kumwona, kwa maana alikuwa mfua mashuka wa hospitali hiyo hiyo, mikono imo ndani ya povu, akaitwa na muuguzi dirishani, "Mama, acha hayo mashuka, umepata mjukuu wa kike, ana sauti kama honi ya lori." Baba yake mzazi aliondoka kwenda kutafuta kazi mtoto akiwa na miezi minane, na mpaka leo anaitafuta. Mama yake, binti pekee wa bibi huyu, alifariki kwa maradhi ya kifua tarehe 3 Agosti 1994, na kuanzia siku ile mtoto na bibi waliishi katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya uwanja wa kuanikia mashuka, wakilala kitanda kimoja, mtoto upande wa ukutani, bibi upande wa mlangoni, na mtoto alikuwa akipiga mateke usingizini kama anayekanyaga breki kabla hata hajajua breki ni nini.

Alianza darasa la kwanza Januari 1995 katika shule ya msingi iliyo jirani na soko, akasoma vizuri hadi darasa la tano, ndipo mwalimu wa hesabu alipomwita bibi ofisini, akamwambia, "Mama, huyu mtoto hesabu anazijua, lakini anahesabu sekunde tu, nikimpa swali la maembe ananiuliza yanakwenda kasi gani." Kumbe ng'ambo ya shule palikuwa na banda la gemu, chumba kimoja cha bati chenye tivii mbili, benchi moja na pedi nne za kuchezea zilizofungwa gundi ya karatasi, na watoto waliingia pale kushindana mbio za magari ya kwenye kioo. Ilikuwa mwezi wa sita mwaka 1999. Bibi alitoka kazini na ufagio mkononi, akausukuma mlango wa banda, akamkuta mjukuu wake ni msichana peke yake kati ya wavulana tisa, macho yamemtoka, mwili mzima umeinamia kushoto, na kabla bibi hajainua ufagio, kitoto kimoja kinene kikasimama mbele yake kikasema, "Bibi, shikamoo, tafadhali usimpige sasa hivi, anaongoza, imebaki raundi moja." Bibi akamwambia, "Marahaba, na wewe utakula za kwako." Lakini akasubiri. Mwenyewe hajui kwa nini alisubiri, ila aliona kagari kekundu kanaingia kwenye kona ambamo magari yote yalikuwa yanapinduka, kakapunguza mwendo kwanza, kakaingia polepole, kakatoka mbio kama mshale, na wavulana wakapiga kelele "Kona! Kona! Kona!", na jina likabaki. Viboko vilipigwa, lakini vilipigwa nyumbani, vitatu tu, na bibi alikuwa anacheka.

Yule mtoto mnene ndiye huyu mnayemwita Taratibu, fundi cherehani wa pale kwenye ngazi za posta, na jina lake lilitoka humo humo bandani, kwa sababu tangu siku aliyoshika pedi hajawahi kushinda hata mara moja, gari lake hufika la mwisho likiwa limejipaka rangi ya kuta zote. Wa tatu wao ni Cheche, mchomelea mageti, huyu aliyesimama na miwani kichwani, ambaye alipojua kazi aliwatengenezea usukani wa bomba la chuma na pedali za bati. Banda lilipofungwa mwaka 2006 watatu hawa walichangishana wakainunua tivii moja na mashine yake, wakaiweka chumba cha nyuma cha Taratibu, katikati ya vitambaa na nguo zisizochukuliwa na wenyewe, na kila Jumamosi kuanzia saa tisa alasiri walikutana pale, mvua inyeshe jua liwake, kwa sheria mbili: anayeshika mkia anaosha vikombe vya chai, na hakuna kuweka pedi chini mpaka gari la mwisho limevuka mstari, hata kama mshindi amemaliza zamani na kiu imemshika. Kwa hiyo kwa muda wa miaka yote hiyo watu wawili walikaa wakimsubiri Taratibu, wakimwambia, "Njoo baba, njoo, kushoto huko ni bahari, njoo huku," na yeye akijibu, "Msinitie presha, mimi natazama mandhari." Vikombe vyake ni vyeupe kuliko vya hoteli.

Kuna shangazi mmoja hapa, hatumtaji, aliyezoea kusema mwanamke mzima anakaa na wanaume anabonyezabonyeza vidubwasha. Shangazi, Cheche alitoa damu yake chupa mbili Kona alipojifungua mtoto wa kwanza. Taratibu alishona sare za shule za watoto wake kila mwaka bila kuombwa. Wewe ulileta nini zaidi ya mdomo?

Alimaliza kidato cha nne mwaka 2005, akafaulu jiografia na Kiswahili, hesabu akapita akichechemea. Mwaka 2007 alijiunga na shule ya udereva, na mkufunzi, mzee mmoja mkali mwenye kitambaa shingoni, alimpa usukani siku ya kwanza akauliza, "Umefundishwa wapi kukata kona hivi?" Kona akajibu, "Kwenye tivii, mzee," na dakika hiyo hiyo gari likazima, kwa sababu kwenye tivii hakuna klachi, na siku ile lilizima mara saba, mzee akamwambia, "Haya, rudi kwenye tivii ukaniulizie klachi iko wapi." Alipata leseni tarehe 19 Novemba 2007, akaendesha gari la kusambaza soda, kisha gari la shule, na tarehe 1 Juni 2011 aliajiriwa kuwa dereva wa gari la wagonjwa katika hospitali ile ile alikozaliwa, mwanamke wa kwanza kukalia kiti kile. Madereva wenzake walimcheka wiki ya kwanza, wakamwita dada wa magemu, wakasema huyu atatupeleka na wagonjwa mtaroni. Wiki ya pili waliacha.

Tusikilizane vizuri hapa, maana hapa ndipo uongo wote ulipoanzia. Watu wanadhani mpenda mbio za kwenye kioo ni mtu wa kukimbiza magari barabarani. Kona kasi yake yote aliimaliza Jumamosi. Akirudi kazini Jumatatu hakuwa na deni nayo. Alikuwa akisema, "Bibi, gemu halinifundishi kukimbia, linanifundisha wapi pa kupunguza," na kwa miaka kumi na tatu hajagonga mtu, mbuzi wala nguzo, watoto saba wamezaliwa ndani ya gari lake, mmoja wao yuko hapa leo mgongoni mwa mama yake, na kuna mzee aliyevunjika nyonga aliyebebwa naye kilomita arobaini za vumbi, akafika akauliza, "Tumeshaondoka?" Njia zote za mji huu alizijua kwa dakika. Kutoka hospitali hadi mlangoni kwake ni dakika kumi na mbili, kumi na nne siku ya soko. Hilo alilijua kama mnavyojua majina ya watoto wenu.

Alifunga ndoa tarehe 27 Septemba 2014 na mwoka mikate wa kiwanda kidogo cha karibu na stendi, huyu aliyeketi hapa, na kabla ya ndoa alimwekea sharti moja, Jumamosi saa tisa hadi saa kumi na mbili si yako. Mume alilalamika mwaka mzima, "Nimeoa mke au nimeoa pedi?", mwaka wa pili akaanza kuwapelekea mikate ya moto, mwaka wa tatu akashikishwa usukani wa bomba, akamshinda Taratibu, nusura alie kwa furaha, akaja kwa bibi mbio na unga usoni, "Bibi, leo sijaosha vikombe!" Mungu aliwajalia watoto wawili, wa kike ana miaka tisa, wa kiume ana miaka sita. Wa tatu ndiye tunayemzika naye, alikuwa na wiki nane tu, na hata yeye hatukubali apite bila kutajwa.

Sasa, kuugua. Ile historia laini iliyoandikwa na wengine inasema aliugua kwa muda mfupi. Haukuwa mfupi. Bibi yake alikuwapo, aliuhesabu.

Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, siku yake ya mapumziko, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Kona alikuwa anasuka nywele za binti yake barazani akashikwa na maumivu ya tumbo upande wa kulia, chini, akaachia kitana, akakaa sakafuni, uso ukapauka. Mume alikuwa kiwandani. Waliokuwapo ni bibi, na Taratibu aliyekuja kumpima mtoto sare. Bibi alipiga simu hospitali saa tatu na robo, sauti ya kistaarabu ikasema, "Gari linakuja, mama, liko njiani." Kona aliposikia liko njiani alitulia, kwa maana gari lile lilikuwa lake, alilijua lilivyo tayari, yeye mwenyewe Ijumaa alilijaza mafuta na kubadilisha mtungi wa hewa. Akalala ubavu akitazama saa ya ukutani. Dakika ya kumi na nne akasema, "Labda kuna foleni." Dakika ya ishirini akasema, "Bibi, piga tena." Wakasema liko njiani. Dakika ya thelathini na tano wakasema liko njiani. Saa nne na dakika tano Kona akaiomba simu, akampigia mwenyewe dereva wa zamu, na bibi, sikio lake lilikuwa hapo hapo, alimsikia yule kijana akilia, "Dada Kona nisamehe, sina ujanja, bosi kanituma na gari nipeleke viti na turubai kwa dada yake, kuna sherehe ya mtoto, niko huku napanga viti, nimemwambia kuna mgonjwa akasema maliza kwanza."

Viti. Gari la wagonjwa lilibeba viti vya plastiki, mia na hamsini, likaenda safari mbili, kitanda cha mgonjwa kikatolewa nje kipishe turubai. Bosi huyo ni Afisa Usafiri wa hospitali, na yuko hapa, shati la bluu, mstari wa pili, ameleta shada. Baba, usiinuke. Miaka kumi na tatu mjukuu wetu alikuita mkuu, alikupigia saluti ya utani ukacheka. Keti usikie.

Teksi ya kwanza haikupokea simu, ya pili ilisema haibebi mgonjwa. Pikipiki zilikuwapo, lakini Kona hakuweza kukaa wima. Jirani muuza mboga, mguu wake umo ndani ya plasta, alirusha ufunguo wa pikapu yake kupitia dirisha, "Chukueni, mimi siwezi kukanyaga!" Na pale barazani, kati ya watu wote waliokusanyika, hapakuwa na mtu hata mmoja anayejua kuendesha ila mgonjwa mwenyewe. Taratibu, ambaye kwa miaka ishirini na mitano alikuwa ameendesha magari mia ya kwenye kioo na hajawahi kushika usukani wa gari lenye magurudumu, alisema, "Bibi, shika upande ule tumbebe."

Walikaa watatu kwa mbele, Taratibu kwenye usukani, Kona katikati, bibi mlangoni amemkumbatia. Kona alisema, "Taratibu, kanyaga klachi, ya kushoto." Akauliza, "Kushoto ipi?" Akamwambia, "Upande wa mkono usioshikia mkasi." Gari likazima. Likazima tena. "Kona, nitakuua mimi." "Huniui. Umenichelewesha Jumamosi zote mbona sijafa? Iwashe." Na likaondoka. Njia nzima alimwongoza, sauti ikipungua, mkono wake uko juu ya gia pamoja na mkono wa Taratibu, "Usitazame boneti, macho yatangulie mbele, hapo kuna tuta, achia mafuta, sasa, vizuri, mpishe huyo, kona inakuja, punguza kabla ya kona, siyo ndani ya kona, vizuri baba, vizuri," mpaka kwenye daraja aliponyamaza, na Taratibu akaendelea kusema mwenyewe kwa sauti, machozi yanamtoka, "Punguza kabla, siyo ndani, punguza kabla, siyo ndani." Njia ya dakika kumi na mbili waliikata kwa dakika thelathini na moja. Getini mlinzi alichelewa kufungua bawa la pili, kioo cha pembeni kikakwaruza nguzo. Ilikuwa saa tano kasorobo.

Madaktari walimpokea mbio, wakasema mimba ilitunga nje ya kizazi, mrija umepasuka, damu imejaa tumboni, wakamwingiza chumba cha upasuaji saa tano na dakika tano. Cheche alikuja, akatoa mkono wake achukuliwe damu kwa mara nyingine, mume akafika na aproni yake ya unga. Kona alifariki saa sita na robo mchana, na daktari alitoka, akavua kofia, akasema mbele ya watu watano, "Angefika saa moja kabla, ningewarudishia."

Saa moja. Wenye viti wanaijua saa hiyo iko wapi.

Halafu Jumatatu ikaja karatasi kutoka ofisi ya usafiri, tuisaini. Familia inaitaja kwa sababu imekwisha kusambazwa kwa mdomo kabla ya kusainiwa. Karatasi inasema marehemu alisafirishwa kwa mwendo wa kasi na hatari na mtu asiye na leseni, mraibu wa magemu ya mbio, aliyegonga geti la hospitali, na kwamba familia haina lalamiko lolote dhidi ya ofisi ya usafiri. Kwa karatasi hiyo Taratibu ameitwa kituo cha polisi keshokutwa Ijumaa saa mbili asubuhi. Na mtaani tayari wanasema, tumewasikia bombani, tumewasikia dukani, "Gemu limemuua, si walizoea kucheza na magari hao." Jamani. Duniani kote watu wa kusingiziwa mbio wamejaa, nyie mkamchagua Taratibu! Mtu ambaye hata cherehani yake inakwenda kwa kubembelezwa! Pikapu haikutoka gia ya pili tangu nyumbani hadi getini, mwenye pikapu mwenyewe alimwuliza injini imelia nini hivyo.

Baadhi ya wazee wa familia, kwa nia njema, walishauri isainiwe ili tuzike kwa utulivu, wakasema marehemu harudi, na ofisi imeahidi gari la kubebea jeneza. Tangu jana Taratibu amekaa nyuma ya ukuta ule, hajala, kwa kuwa aliambiwa na mmoja wetu asiguse jeneza. Bibi yake Kona hajui kusoma, alifua damu ya watu kwenye mashuka ya hospitali ile kwa miaka thelathini na moja hadi alipostaafu, na saini yake ni dole gumba. Wino uliletwa, akashikwa mkono kwa heshima, akasema asomewe kwanza mara mbili. Akasomewa. Akaomba maji, akanawa mikono, akafuta, akasema dole hili halishuki hapo. Badala yake imeandikwa karatasi ya pili, daktari wa zamu ameandika saa zake, dereva wa zamu ameandika viti vyake na kuweka jina lake akijua kazi itapotea, na bibi ameweka dole gumba lake chini ya karatasi hiyo ya pili, na Ijumaa saa mbili asubuhi atakwenda nayo kituoni mwenyewe, na mume, na Cheche, na yeyote kati yenu mwenye miguu.

Familia inamshukuru daktari aliyepasua na akasema kweli, wauguzi wawili waliomshika mkono, jirani wa mboga kwa ufunguo wake, wafanyakazi wa kiwanda cha mikate walioleta chakula tangu Jumapili, na madereva wenzake waliokuja leo kwa miguu wakikataa kupanda gari lile. Ofisi ya usafiri haishukuriwi. Shada lake lirudi lilikotoka, na gari waliloleta kwa ajili ya jeneza liondoke pale njiani, tutabeba kwa mabega. Mbele kulia atashika mume, mbele kushoto atashika Taratibu. Mwanangu, toka nyuma ya ukuta. Futa uso, njoo ushike, watu wanangoja.

Kona, mama yangu, mjukuu wa bibi, umefanya kazi yako yote, lala sasa upumzike. Amani hatukuombei leo, maana huku bado haipo, tunaifuata Ijumaa.